Mpini wa Bastola ya Dub Hatcher

Marble Fork, Arkansas
3 Juni

Twyla mwanangu,

Mimi mzima, kuku wazima, trekta ndilo linaloumwa. Usinipigie simu kuniuliza kwa nini nimeandika. Mashine ya sikio inapiga mluzi kila nikiisogeza karibu na simu, na mara ya mwisho nilikaa nusu saa nikiitikia "ndiyo, ndiyo" nikidhani ni wewe, kumbe ni mtu wa bima. Karatasi hainichezei hivyo.

Naandika kwa ajili ya Dub Hatcher. Unamkumbuka, lile jitu la kiwanda cha mbao, tunalinda naye mlango wa kanisa kila Jumapili. Kanunua bastola ndogo ya plastiki ya kuficha kiunoni, maana ile ya chuma imeanza kumwelemea. Sasa hii ndogo inamteleza. Akipiga risasi moja inageuka kiganjani kama sabuni, na kabla ya kupiga ya pili lazima aishike upya. Anaona aibu kukuuliza mwenyewe. Nikamwambia, binti yangu kule Wyoming anauza vibandiko vya kubandika kwenye mipini ya bastola, ngoja nimuulize.

Maoni yangu kuhusu vibandiko unayajua. Mpini wa bastola ni mti wa jozi uliochongwa na mtu anayejua anachokifanya. Nimewachongea masherifu wa polisi, nimemchongea jaji, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Lakini hizi za plastiki mpini na mwili ni kitu kimoja, hakuna skrubu, huna pa kufungia mti. Kwa hiyo Dub ameshikwa pabaya.

Mtihani wetu wa shabaha ni mwezi wa nane. Unajua utaratibu: kila anayesimama mlangoni na silaha lazima apige mbele ya wenzake, kwanza kwa mikono miwili, kisha kwa mkono wa kulia peke yake, kisha kwa wa kushoto. Risasi yoyote ikitoka nje ya mstari, amefeli, anakwenda kukaa kwenye benchi na waumini wengine mpaka mwaka unaofuata. Mchungaji Lonnie aliwahi kusema ni kali mno. Nikamwambia mimi ndiye niliyeiandika na itabaki hivyo, hapo mlangoni wanapita watoto.

Dub hawezi kukaa kwenye benchi, Twyla. Mlango ule ndio kitu alichobaki nacho. Tafadhali mtafutie kinachofaa.

Baba yako,
Orval Ledbetter


Cheyenne, Wyoming
9 Juni

Baba,

Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, na nilipofika kwenye neno "vibandiko" mteja mmoja akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa amekuja kununua cha tatu. Baba, hivi ninavyouza si vile vya maua ambavyo nilikuwa nabandika kwenye friji ya mama. Nakata mwenyewe, napima kila aina ya bastola mwenyewe, na kuna askari wa barabara kuu wanaagiza kwangu na kwangu peke yangu. Hilo nimelisema, sasa tuendelee na Mzee Dub.

Viko vya aina mbili. Kuna mpira na kuna msasa. Mpira ni laini, haumuumizi mtu, lakini unang'ang'ania nguo. Msasa una chengachenga kama karatasi ya fundi seremala, unashika hata kiganja kikiwa kimeloa jasho, lakini unakula shati na unakula ngozi. Kwa mtu anayebeba bastola wazi hakuna shida, achague anachopenda. Kwa anayeificha ndani ya suruali, chini ya shati, ndipo penye kazi. Mkono unataka kitu kinachoshika, na shati linataka kitu kinachoachia, na vyote viwili vinagusa mpini uleule.

Kwa hiyo muulize. Anatoka jasho viganjani? Anaiweka bastola kwenye ngozi au juu ya fulana? Na vidole vyake vinakaza vizuri? Hili la mwisho muulize kwa upole. Wazee wengi wanaonijia hawatelezi kwa sababu ya jasho, ni kwamba vidole viwili vya mwisho havifungi tena, na wanaume wenyewe wanaona bora wafe kuliko kukiri.

Nimeweka vipande vya kila aina kwenye bahasha. Avifinye avifinye, achague. Pia nataka jina kamili la bastola na toleo lake, nikikosea hata kidogo kibandiko kitaziba kitufe cha kutolea magazini ya risasi.

Wako,
Twyla


Marble Fork
16 Juni

Twyla,

Vidole vya Dub havina neno, asante. Jasho pia hana. Tatizo ni plastiki.

Nimempa vile vipande. Huo mpira kaufinya akasema huu ni wa mpini wa baiskeli ya mtoto. Kachagua msasa, na katika msasa kachagua ule mkali kuliko yote, ule mweusi. Kasema huo ndio wa mwanaume. Anataka uzunguke mpini mzima, mbele, nyuma na ubavuni, usibaki uwazi. Jina na toleo la bastola nimeandika nyuma ya karatasi hii.

Nakuuliza jambo jingine, si kwa ubaya. Hao askari wa barabara kuu wanakulipa vizuri?

Baba


Cheyenne
21 Juni

Baba,

Wananilipa vizuri, na kwa wakati.

Msasa huu hapa. Mwambie Mzee Dub nimeukata kwa shingo upande, kwa sababu ule mweusi ni wa watu wanaoshindana uwanjani na kuiweka bastola mezani wakimaliza, si wa kukaa nao kiunoni kutwa nzima ukimsikiliza Mchungaji Lonnie. Lakini mteja akishasema "wa mwanaume" huwa sibishani naye, nasubiri arudi.

Kubandika kuna adabu yake. Kwanza asafishe mpini kwa spiriti na auache ukauke kabisa. Upande wa gundi asiuguse kwa vidole. Aupashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, abonyeze kingo zote kwa dole gumba, kisha aiache bastola mpaka kesho yake, bila kuipaka mafuta na bila kuigusagusa. Na avae fulana ndefu aichomekee, ikae kati ya msasa na ngozi. Fulana ni lazima.

Twyla


Marble Fork
5 Julai

Twyla,

Huku ni Julai na hata mbwa wanalala chini ya gari. Nani anavaa fulana na shati juu yake? Dub hakuvaa.

Amechubuka ubavu mzima, hapo juu ya mkanda, ngozi imetoka nyekundu kama amelambwa na ng'ombe wiki nzima. Koti lake la kanisani limetafunwa bitana. Na pembe moja ya msasa imenyanyuka, maana siku ileile aliyobandika alishindwa kujizuia akaisafisha bastola kwa mafuta, kama anavyofanya kila Jumamosi tangu ujana wake. Usiseme kitu. Ameshajisema mwenyewe.

Nikuambie ukweli, lakini: shabaha ilikuwa nzuri. Ule msasa ulishika. Kwa mara ya kwanza tangu aipate bastola hii, risasi ya pili ilikwenda ilikokwenda ya kwanza. Nilikuwa nimeanza kudhani hilo halitatokea tena. Na yeye pia.

Anaomba ule wa baiskeli ya mtoto.

Baba


Cheyenne
11 Julai

Baba,

Sijasema kitu. Nimecheka tu, na hapa hamnisikii.

Mpira huu hapa. Apake mafuta ya mgando kwenye ubavu, alale bila shati. Na azingatie niliyosema kuhusu nguo: avae shati pana, zito kidogo, na kila akiinama au akinyoosha mkono ajikague. Mpira hauumizi mtu lakini una mapenzi sana na pamba.

Twyla


Marble Fork
20 Julai

Twyla,

Jumapili tulikuwa na chakula cha pamoja baada ya ibada, meza ndefu nje, kuku wa kukaanga, bamia, mkate wa mahindi na pai za pichi. Dub akanyoosha mkono kuifikia pai iliyokuwa mbali. Shati likapanda, likanasa kwenye ule mpira, na likabaki palepale. Yeye hana habari. Anakata pai huku mpini wote uko nje, na nusu ya kanisa inautazama. Bibi Opal Fenner, ambaye haoni hata maandishi ya zaburi, akasema kwa sauti: "Kaka, bastola yako imetoka kupunga upepo."

Watu wakacheka. Utaratibu wetu wa mlangoni unajua ukoje: kazi ni kulinda bila kuonekana, mgeni akija asijue nani ana silaha na nani hana. Ambaye bastola yake itaonekana, anaosha vyombo vya karamu nzima mbele ya wote. Dub akakunja mikono ya shati, akaosha. Masufuria, mabakuli, trei za kuku. Hakula pai. Kina mama walitaka kumsaidia akawakatalia.

Sasa anasema labda aache kabla ya mtihani, aseme mgongo unamsumbua, kuliko kusubiri kuangushwa mbele ya watu. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Baba


Cheyenne, Wyoming
25 Julai

Kwa Mzee Dub Hatcher,
Marble Fork, Arkansas

Shikamoo, Mzee Dub.

Ni Twyla, binti wa Orval. Samahani kwa kukurukia hivi bila kuulizwa, lakini baba amenieleza yote, bastola inavyokuteleza, ubavu ulivyochubuka, na ile habari ya pai, na nimeona nikuandikie mwenyewe. Kosa ni langu. Nilikuuzia ulichokitaka badala ya unachokihitaji.

Wiki hii nimevaa bastola kama yako kiunoni kila siku. Nimefua nayo, nimepakia mizigo, nimeinama chini ya meza, nimepanda ngazi. Na nimegundua jambo ambalo sijui kwa nini halijanijia miaka yote hii. Mpini ukiwa kiunoni una upande wa ngozi, una upande wa shati, na una upande mmoja usiogusa chochote: ule wa mbele, ambao vidole vinaukumbatia. Kumbe tulikuwa tunautendea wote sawasawa.

Kwa hiyo nimekukatia vipande vitatu. Mbele ni msasa mweusi, ule uliokupendeza, uume vidole kadiri unavyotaka. Upande wa ngozi ni mpira mwembamba. Upande wa shati ni ngozi laini ya ndama iliyochorwa mistari, shati litateleza juu yake bila kunasa, lakini kiganja kikiubana kitauhisi. Hakuna mtu mwingine mwenye mpini kama huu, nimeubuni kwa ajili yako.

Na mkono dhaifu si aibu, Mzee. Usiache kabla ya mtihani. Baba yangu haniambii, lakini najua ukiondoka mlangoni pale atakuwa mpweke sana.

Kwa heshima,
Twyla Ledbetter


Marble Fork
31 Julai

Binti Twyla,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mke wangu ameisoma mara ya tatu kwa sauti akiwa amejishika mbavu.

Mwanangu, mimi sina mchubuko popote. Bastola yangu ni ileile kubwa ya chuma, ina mpini wa jozi aliouchonga baba yako, na haijawahi kunielemea wala kuteleza. Mikono yangu wiki iliyopita ilinyanyua injini ya boti. Kuhusu ile pai, nilikuwepo. Nilikula vipande viwili, halafu nikampelekea baba yako sahani aioshe.

Nilikaa barazani na mzigo wako mapajani, na nikaelewa mambo mengi kwa mpigo. Kwa nini Orval anafungua mlango wa kanisa kwa bega. Kwa nini kahawa siku hizi anaishika kwa viganja viwili kama anaota moto. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia havifungi, na mimi nimesimama pembeni yake kila Jumapili nisione.

Nimempelekea mzigo. Nikamwambia, "Orval, binti yako kaniletea hii, lakini mimi kazi ndogondogo siziwezi, nibandikie kwenye bastola yako nione inakaaje." Akaniangalia sana. Akasema, "Dub, tangu lini wewe una bastola ya plastiki?" Nikasema, "Nafikiria kununua." Akasema, "Ingia ndani, unaleta nzi." Basi akabandika. Alisafisha kwa spiriti kama daktari, na mafuta hakuyagusa.

Usimwambie kwamba najua. Na usihofu kuhusu mtihani. Mwaka huu karatasi za shabaha nazisoma mimi.

Dub Hatcher


Cheyenne
5 Agosti

Baba,

Mzee Dub kaniandikia, anashukuru kwa mzigo. Nimefurahi. Sasa nina maneno ya kumwambia kabla ya mtihani na sitaki kumsumbua kwa barua nyingine, nakuomba umfikishie wewe. Mfikishie yote, usipunguze.

Mwambie ninaposikia watu wakijisifu hapa dukani kuhusu silaha zao, huwa namkumbuka yeye, ambaye amekaa na silaha maisha yake yote na hajawahi kumtishia nayo hata paka.

Mwambie siku ya mazishi ya mama nilimkasirikia. Mchungaji alimwambia aje akae mbele na familia, akakataa. Akasema kanisa limejaa, mlango uko wazi, mtu lazima asimame. Nilimwona pale nyuma na suti yake, mgongo umenyooka, anawafungulia watu. Nilidhani anakimbia msiba, na nilimnunia karibu mwaka mzima. Mwambie siku hizi naliona vingine. Alikuwa anamlinda kwa mara ya mwisho, kwa njia pekee aliyoijua.

Mwambie kazi yangu nimejifunza kwa kumtazama mtu akichonga mti wa jozi kwenye kibanda, akiujaribu kiganjani, akiurudisha, akiujaribu tena, bila haraka. Nilikuwa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuniambia mengi lakini nilikuwa naona.

Mwambie namwonea fahari. Akipasi namwonea fahari, asipopasi namwonea fahari.

Twyla


Marble Fork
14 Agosti

Twyla mwanangu,

Mikono ni yangu. Nadhani unajua, kwa sababu barua ile ya mwisho hakuna mtu angemwandikia Dub Hatcher. Nimeisoma kibandani, mlango nimefunga. Kuhusu mama yako na ile siku umesema sawa.

Mtihani ulikuwa Jumamosi, kwenye machimbo ya kokoto ya zamani. Walikuwepo wote wa mlangoni, na Mchungaji Lonnie na kofia yake ya majani. Nilivaa shati langu jepesi la kawaida. Nilichomoa bastola, shati likaachia kama halikuwepo. Mikono miwili: nilipiga zote, na matundu yangu yote ungeyafunika kwa kiganja chako. Mkono wa kulia peke yake, ule mbovu, ambao nimekuwa nikiuogopa tangu majira ya baridi: zote ndani. Bastola haikugeuka hata mara moja. Vile vidole viwili vilikuwa vimelala tu, na vitatu vilivyobaki vikaushika ule msasa vikafanya kazi ya vitano. Nikasikia Dub nyuma yangu anasema, "Mzee bado yupo." Hilo nililisikia bila mashine ya sikio.

Mkono wa kushoto nilikuwa na uhakika nao, kwa hiyo nilijiachia. Ule ndio mkono mzima. Risasi ya mwisho nilivuta kifyatulio kwa haraka, kwa furaha, kama mtoto. Nikajua palepale.

Dub akaenda kwenye karatasi na miwani yake. Akainama. Akakaa ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akasema, "Imegusa mstari. Amepasi."

Nikaenda kutazama. Nikamwambia, "Haijagusa."

"Imegusa, Orval."

"Dub, kati ya tundu na mstari unaweza kupitisha ukucha."

"Ukucha wa nani? Mimi ndiye msomaji wa karatasi mwaka huu na nasema imegusa."

"Basi vaa miwani ya mkeo."

Vijana wakacheka kidogo, wakaacha walipoona hatuchezi. Lonnie akaja, akatazama, akaniwekea mkono begani. "Orval," kasema, "kikosi hiki ni chako. Hakuna mtu hapa atakayekupinga. Chukua tu, ndugu yangu." Na wote walikuwa wananitazama kwa upendo kabisa, Twyla, hakuna aliyekuwa na hila. Kila mmoja alitaka niseme ndiyo. Na mimi nilitaka kusema ndiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Nikawaambia, "Hapa ni karatasi. Jumapili, risasi inayotoka nje ya mstari ina jina la mtoto wa mtu." Nikachukua kalamu kutoka mfukoni mwa Dub, nikaandika F kubwa kwenye karatasi yangu, nikatia sahihi. Redio ya mlangoni, ile ya kuongozea walinzi, nikampa yeye. Alikuwa analia, lile jitu zima, na mimi nikamwambia aache upuuzi kwa sababu nami nilikuwa karibu.

Kisha nikatoa magazini, nikahakikisha chumba cha risasi hakina kitu, nikawazungushia ile bastola mmoja mmoja waushike mpini. Nikawaambia, "Tazameni karatasi mbili za kwanza. Zile ni za mkono usiofunga. Aliyeuwezesha ni binti yangu, kaukata huu mwenyewe, kaugawa pande tatu kwa akili yake, na hakuna mwingine kama huu nchini. Mkono wa kushoto nimekosea mimi." Walitaka anwani yako. Nimewaandikia wote. Nimewaambia wasijaribu kuomba punguzo.

Nimechonga mipini maisha yangu yote na sijawahi kuchonga mmoja uliomjua mtu kiasi hicho. Nilikuwa naita vibandiko. Siiti tena hivyo.

Jana nimekaa kwenye benchi, karibu na Bibi Opal. Mahubiri ya Lonnie ni marefu kuliko nilivyokumbuka, kumbe miaka yote nilikuwa natoka nje kupunga upepo. Mara mbili mlango ulilia na mara mbili nilinyanyuka nusu, nikakumbuka, nikakaa. Bibi Opal akanishika kiwiko.

Itanichukua muda kuzoea. Sitakudanganya.

Baba yako,
Orval


Cheyenne
20 Agosti

Baba,

Barua yako imefika nikiwa napakia gari kwenda kwenye maonyesho ya silaha, na nikaisoma nimekaa kwenye bampa. Nikachelewa. Agizo la kwanza kutoka Marble Fork limeshafika, ni la yule kijana wa benki, na kweli ameomba punguzo. Nimemnyima.

Nikueleze kilichotokea huko. Meza ya jirani yangu ni ya bwana mmoja wa mji wa Casper anayeuza ala za ngozi za kuwekea bastola. Kutwa nzima alikuwa amezungukwa na wanaume wenzake wanasimuliana. Huyu hajawahi kukosa tangu azaliwe. Yule alipasi mtihani wa polisi akiwa na homa. Mwingine baba yake alidungua swala kutoka ng'ambo ya mto, na kila saa mto ulizidi kupanuka. Mimi nabandika, naminya kingo, nasikiliza. Mwisho yule wa Casper akanigeukia. "Na mzee wako, Twyla? Si yule mchongaji wa Arkansas? Anapigaje siku hizi?"

Nikaiweka bastola ya mteja chini. Nikasimama, maana sikutaka kuisema nikiwa nimekaa.

"Baba yangu kafeli mtihani mwezi huu," nikawaambia.

Wakainamisha macho, unajua wanaume wanavyofanya. Mmoja akasema pole. Mwingine akaanza kusema uzee hauna dawa.

"Pole ya nini?" nikamwambia. "Msimamizi alimpasisha. Mchungaji alimpasisha. Waliokuwepo wote walimpasisha. Aliyemfelisha ni yeye mwenyewe."

Hakuna aliyesimulia kitu tena mpaka tunafunga meza.

Binti yako,
Twyla Ledbetter